Waya Usiobanwa

Ukipima ukinzani wa waya wa platini, namba unayoipata imebeba mengi. Imo habari ya joto, lakini imo pia ya urefu na unene wa waya, ya uchafu uliopenya ndani yake, ya mkunjo ulioupata juzi, hata ya nyaya za shaba zinazouunganisha na mita. Waya haudanganyi; tabu yake ni kusema yote kwa pumzi moja. Ninaowasifu hapa ni mafundi waliojua kuyanyamazisha hayo mengine, likabaki joto peke yake.

Kwamba metali ikipata joto hupitisha umeme kwa shida zaidi, Humphry Davy alikwisha kulionyesha mwaka 1821. Nusu karne baadaye, mwaka 1871, William Siemens akapendekeza waya wa platini uwe kipimajoto cha matanuri. Wazo zuri, ila chombo kikamwangusha: kikishapita kwenye moto mkali, hakikurudi kusoma kama mwanzo. Lawama ikaiangukia platini.

Hugh Callendar aliitetea. Alipoingia maabara ya Cavendish kule Cambridge alikuwa amesomea lugha za kale na hisabati. Fizikia ya maabara alikuwa mgeni nayo, na nadhani ugeni huo ulimfaa. Aliona kosa liko kwenye malazi ya waya: udongo uliozungushiwa waya na bomba la chuma lililoufunika, vikiiva, viliichafua platini. Yeye akauzungusha waya safi juu ya mika nyembamba, ukigusa kingo tu, uwe na nafasi ya kutanuka na kusinyaa pasipo kuvutwa na kitu. Kwangu mimi ufundi wote umo katika nafasi hiyo ndogo.

Siku hizi kihisi cha kawaida kiwandani ni Pt100: ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Kila nyuzi moja, basi, haifiki hata nusu omu. Maziwa yakipashwa moto hadi nyuzi 72, kihisi husoma omu 127.84. Sasa kiweke mita kumi na tano kutoka kwenye mita yako, kwa nyaya mbili za shaba za milimita nusu mraba: kwenda na kurudi zitaongeza kama omu moja, na maziwa yataonekana yamepita joto lake kwa nyuzi mbili na nusu. Fundi huongeza waya wa tatu, apime njia na kuitoa kwenye hesabu. Mwenye kiu ya usahihi huweka nne: mbili zibebe mkondo, mbili zisikilize volti tu. Na mkondo wenyewe huwa hafifu, kama miliampea moja, maana ukizidi waya utajipasha na kupima joto lake wenyewe.

Tangu 1990 platini ndiyo kipimo rasmi cha dunia kutoka nyuzi 259 chini ya sifuri hadi 962 juu yake. Vipimajoto vya platini vya maabara hubebwa kama mayai. Kimoja kikigongwa mezani, ukinzani wake hupanda kidogo; basi hutiwa tanurini, hupozwa polepole, kisha hurudishwa kwenye chupa ambamo maji, barafu na mvuke hukaa pamoja kwa nyuzi 0.01, ionekane kama kimesahau lile pigo.