Wasichana 11 kati ya 27

Muulize mtu wa rika langu hapa Nakuru kitabu cha I Am Malala kinahusu nini, atakuambia: si yule msichana wa Pakistan aliyepigwa risasi juu ya kwenda shule? Hata mimi nilikinunua kwa sababu hiyo, kwa muuza vitabu vya mitumba pale Kenyatta Avenue. Lakini nilipokimaliza, kilichonibaki kichwani haikuwa risasi.

Ilikuwa redio. Kule bonde la Swat, mullah Fazlullah aliingia majumbani mwa watu kupitia FM. Alianza na mawaidha, watu wakampenda. Baadaye akawa anawapongeza hewani, kwa majina, wasichana walioacha shule. Yaani unasikia jina la mwenzako wa dawati redioni, na kesho kiti chake kitupu. Januari 2009 Malala, akiwa na miaka 11, alianza kuandikia BBC Urdu shajara kwa jina la kubuni. Siku moja alihesabu waliofika darasani: 11 kati ya 27. Risasi ilikuja Oktoba 2012, karibu miaka minne baadaye. Kurasa hizi ndizo bora zaidi alizoandika na Christina Lamb, manake zinaonyesha jinsi darasa linavyoisha polepole, mtu mmoja mmoja.

Nilimwazima kitabu jirani yetu wa Njoro, mwalimu aliyefundisha Mandera. Novemba 2014 Al-Shabaab walisimamisha basi huko na kuua abiria 28, walimu wakiwemo. Walimu wengi wasio wenyeji hawakurudi baada ya hapo. Yeye pia hakurudi. Hakuna mullah aliyetangaza redioni kwamba shule zimefungwa. Walimu walikosekana tu, na masomo yakakwama.

Baada ya wiki mbili alinirudishia.

"Mwalimu, ulikionaje?"

"Ni kizuri. Lakini wale wengine kwa hiyo darasa walienda wapi?"

Hapo ndipo kitabu kinapolegea. Baada ya risasi, hadithi inapanda ndege na Malala hadi hospitali ya Birmingham, na sisi tunaandamana naye. Shazia na Kainat, waliojeruhiwa kwa gari hiyo hiyo, wanapata nafasi ndogo sana. Tunaambiwa wenzake bado wamemwekea kiti chake darasani, na ni jambo la kugusa moyo. Lakini vile viti 16 vya ile asubuhi ya Januari, nani alivirudia?

Simlaumu Malala. Alikuwa na miaka 16 kitabu kilipotoka 2013, na hayo yalikuwa maisha yake. Nawalaumu zaidi wasomaji kama mimi, tuliotosheka na shujaa mmoja.

Kisome. Ukifika kwa ukurasa wa shajara hiyo, usiharakishe. Mwalimu aliniachia alama ya kalamu pembeni mwa ukurasa huo. Sikumwuliza darasa lake lilikuwa na wanafunzi wangapi. Alinitajia mwenyewe, jina baada ya jina, mpaka chai ikapoa.