Shanga za Ugogo na Draiva ya Modemu

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora ulilipa njia yake kwa nguo, shanga na nyaya, na mkuu wa msafara asiyejua shanga ipi inapokelewa wapi alikuwa amekwisha kula hasara kabla ya kuondoka pwani. Henry Morton Stanley, aliyeingia Tabora mwezi Juni 1871 baada ya miezi mitatu njiani, alieleza kwamba shanga nyeusi zilikuwa fedha Ugogo lakini kwingine hazikuwa kitu. Nyeupe zilitakiwa Ufipa na kudharauliwa Ukonongo. Mpagazi wa Kinyamwezi aliweza kuufikisha mzigo ukiwa mzima, usipungue hata ushanga mmoja, na bado ukakataliwa kwa kuwa haukuwa wa nchi ile.

Ufundi ninaousifu hapa una sheria hiyo hiyo. Ni ufundi wa kukompaili draiva ya modemu katika laptopu inayotumia Linux. Wengi huuona kama adhabu ya watu waliokataa kutumia Windows. Mimi nauona kuwa moja ya kazi safi za mikono na akili zilizobaki katika kompyuta, na mtu wa Tabora anao urithi wa kuuelewa upesi.

Tuchukue mfano wa ThinkPad ya mtumba. Baadhi ya zile zilizotoka mwishoni mwa miaka ya 2010 zina modemu ya Fibocom L850-GL, iliyojengwa juu ya chipu ya Intel XMM 7360, pamoja na tundu la laini ya simu. Kwenye Windows modemu hiyo huamka yenyewe. Kwenye Linux, kwa miaka kadhaa, amri ya lspci iliionyesha kwa namba yake, 8086:7360, basi. Ilikuwepo, lakini hapakuwa na wa kuzungumza nayo. Wajitoleaji wakakaa, wakachunguza jinsi kifaa kinavyowasiliana na kompyuta, wakaandika draiva na kuuacha msimbo wake wazi kwa yeyote.

Kisa hiki kina wazee wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati intaneti ilipopigiwa kwa simu ya waya, watengenezaji wa laptopu walipunguza gharama kwa kuitoa sehemu kubwa ya kazi ndani ya modemu na kuitwika programu ya Windows. Aliyekuwa na Linux akabaki na kipande cha chuma kisicho na akili. Baadaye zikaja modemu za USB za Huawei, ambazo zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu za Windows, mpaka usb_modeswitch iziamuru zigeuke kuwa modemu. Kila kizazi cha kifaa kimewaachia watu wa Linux kiporo chake.

Sasa kazi yenyewe. Draiva ni kipande cha kerneli, kiini cha mfumo, na kerneli haipokei kipande kilichotengenezwa kwa ajili ya kerneli nyingine. Fundi huanza kwa uname -r ili ajue toleo lake, kisha hutafuta faili za vichwa za toleo hilo hilo, tarakimu kwa tarakimu. Toleo la jirani halifai. Hapo ndipo shanga nyeusi zinapokataliwa.

Akiandika make, skrini inaweza kumwaga makosa mpaka yakapita juu yasionekane. Mgeni husoma la mwisho, kwa kuwa ndilo lililo mbele ya macho. Fundi hupanda juu hadi la kwanza, maana mengi yanayofuata ni uzao wake. Mara nyingi kosa hilo litasema kuna faili haikupatikana, au kuna fanksheni iliyoitwa kwa namna ambayo kerneli haiitambui tena. Wanaoitengeneza Linux wamesema wazi kwamba hawatoi ahadi ya kutobadilisha mambo ya ndani ya kerneli. Katika kerneli 6.4 ya mwaka 2023, kwa mfano, fanksheni ya class_create, iliyozoea kupewa vitu viwili, ikaanza kudai kimoja tu. Draiva zilizokuwa zikiitumia nje ya kerneli zikagoma kukompailika. Dawa ni kufuta neno moja na koma yake. Kufuta ni kazi ya sekunde; kujua cha kufuta kunadai usome faili mbili, yako na ya kerneli, na kuzilinganisha bila papara. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hata ikikompailika, safari haijaisha. Kama Secure Boot imewashwa, kerneli itaikataa draiva isiyo na sahihi, na fundi atalazimika kutengeneza ufunguo wake, kuusajili kwa mokutil na kuuthibitisha kompyuta inapowaka upya. Modemu nayo yaweza kukataa kurusha mawimbi mpaka ipewe jibu la kuifungua. Kisha ataje APN ya kampuni ya simu. Mwisho aikabidhi draiva kwa DKMS, ili kila kerneli mpya inapoingia ikompailiwe tena bila kuombwa. Fundi mzuri hubadilisha jambo moja kwa wakati, huandika alichofanya, na haifuti kerneli ya zamani mpaka mpya imeonyesha uaminifu.

Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ndiko kulikokuwa na tembe la Livingstone. Stanley alipomwacha hapo mwezi Machi 1872, mzee yule alikaa akisubiri wapagazi watakaotumwa kutoka pwani, nao walifika Agosti. Mwenye laptopu bila mtandao yumo katika subira ya namna hiyo: ili apate intaneti anahitaji vifurushi vilivyo kwenye intaneti, na kila kifurushi hudai kingine. Ndiyo maana flashi yenye build-essential, dkms na faili za vichwa, pamoja na vyote vinavyotegemewa, ni mali ya kutunzwa.

Atakayesema kwamba simu ikiunganishwa kwa waya wa USB inatosha, amesema kweli. Mimi mwenyewe ningeanzia hapo, kwa kuwa Linux huipokea simu bila kukompaili chochote, na bando lake litashusha vifurushi vyote. Lakini simu hiyo ni ya kuvukia. Aliyenunua laptopu amekwisha kulipia modemu iliyomo na antena zake. Kuiacha ilale ni kukubali kwamba mtengenezaji ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mali ya mwingine.

Nao msimbo ulio wazi hauchagui mikono. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na uliweza kwa sababu msimbo ulikuwa unasomeka na kubadilishika. Basi walimu wa kompyuta wa Tabora, Nzega na Kigoma wasiwafundishe vijana kubonyeza tu. Wawape draiva iliyogoma na jioni nzima ya kuisoma. Na wewe kijana, ukirekebisha mstari mmoja ikakubali, usiufungie kwenye laptopu yako. Warudishie wenye mradi, ili mwenye modemu kama yako, awe Ujiji au Oslo, aikute kazi imekwisha kufanywa.