Mikono Inayokuza Fuwele

Weka atomi yenye sumaku katika kila ncha ya pembetatu yenye pande sawa, na kila atomi itake mshale wake uelekee kinyume cha jirani. Wa kwanza ukitazama juu, wa pili utatazama chini. Wa tatu utazame wapi? Upande wowote utakaochukua, kuna jirani mmoja utakayelingana naye. Sasa tandaza pembetatu hizo kwa mabilioni katika tabaka moja, kisha panga tabaka juu ya tabaka.

Mwaka 1950 Gregory Wannier alionyesha kwa hesabu kwamba mishale ijuayo juu na chini tu, ikipangwa hivyo, haipati mpangilio mmoja wa kutulia hata kwenye sufuri halisi ya joto. Mwaka 1973 Philip Anderson akapendekeza kwamba spini za kikwanta, yaani mishale hiyo ikifuata sheria za kikwanta, zinaweza kubaki hapo katika hali ya kimiminika, zikishikana jozi jozi na kubadilishana wenza bila kukoma. Nadharia hizo husifiwa sana, na zinastahili. Mimi husimama muda mrefu zaidi mbele ya kazi ya wale wanaoitengeneza fuwele yenyewe.

Chukua YbMgGaO4, kiwanja ambacho atomi zake za iterbiamu hukaa katika matabaka kama hayo ya pembetatu, na ambacho fuwele zake zilielezwa na watafiti wa China mwaka 2015. Kazi huanza kwenye mizani, kwa oksidi za iterbiamu, magnesiamu na galiamu. Oksidi ya magnesiamu hunyonya unyevu wa hewani, hivyo anayepima bila kuikausha kwanza anapima na maji. Unga husagwa, huchomwa, husagwa tena. Kisha hujazwa ndani ya mpira mwembamba kama wa puto, hewa hutolewa, na shinikizo la maji huukandamiza kutoka pande zote hadi uwe fimbo. Fimbo nayo huchomwa kwa joto linalopita nyuzi 1,000 za Selsiasi ili ishikamane. Ikipinda kidogo tu, itayumba inapozunguka, na kazi yote iliyotangulia itaharibika.

Ndani ya tanuri la mwanga, fimbo moja huning'inia juu na nyingine husimama chini. Vioo vilivyopinda hukusanya mwanga wa taa kali mahali zinapokutana. Ncha huyeyuka, na kati yake hubaki tone linaloshikiliwa na mvuto wa uso wake tu, kama asali kati ya vijiti viwili. Hakuna chombo kinacholigusa, na ndiyo sababu halichafuliwi. Fimbo huzunguka kila moja upande wake, zikishuka milimita chache kwa saa. Mkuzaji hulitazama tone. Likinenepa mno hudondoka. Likikonda mno hukatika. Huongeza mwanga kidogo, hupunguza, husubiri. Chini ya tone, atomi hujipanga moja baada ya nyingine, na fuwele angavu hurefuka.

Fuwele hizo zilipopozwa hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya kelvini, spini zake hazikujipanga. Mwaka 2016 nyutroni zilizorushwa ndani yake zilitoa mwangwi uliotawanyika, usio na mistari mikali ya sumaku ya kawaida. Wengi walifurahi kwamba kimiminika cha Anderson kimepatikana. Lakini katika matabaka yanayotenganisha yale ya iterbiamu, magnesiamu na galiamu hukaa nafasi zilezile bila utaratibu, na mwaka 2017 wananadharia walionyesha kwamba mchanganyiko huo peke yake unaweza kuiga dalili zilezile. Hapa mkuzaji hana lawama. Vurugu hiyo ni tabia ya kiwanja chenyewe, na hakuna mkono ungeweza kuiondoa kwa uangalifu zaidi. Hata hivyo, kama si fuwele safi kiasi kile, swali hilo lisingeweza hata kuulizwa kwa ukali.

Jibu lilikuwa kutafuta kiwanja kingine. Katika NaYbO2, kilichochunguzwa kwa kina mwaka 2019, kati ya matabaka ya pembetatu kuna sodiamu, bila ule mchanganyiko. Spini zake hazikutulia pasipo uga wa nje; uga wa sumaku ulipoongezwa, zilijipanga juu, juu, chini. Vipimo hivyo vilifanywa kwa unga, ambamo punje hutazama kila upande na mwelekeo wa mwangwi huchanganyika. Ili kuusoma mwelekeo huo, wenye nyutroni wanahitaji fuwele moja kubwa, na hiyo hutoka kwa mtu aliyekaa mbele ya tanuri.