Omar Khayyam kwa Kiswahili: Falsafa ya Nani?

Ni kawaida kwa mwanafunzi wa fasihi kuitaja Omar Khayyam kwa Kiswahili, tafsiri ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1952, kama mfano wa falsafa ya Mashariki katika lugha yetu. Kauli hiyo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayostahili kufundishwa.

Khayyam alizaliwa Nishapur, Uajemi, mwaka 1048, akafariki mwaka 1131. Enzi zake alisifika kwa aljebra na elimu ya nyota. Alikuwa miongoni mwa wataalamu waliorekebisha kalenda mwaka 1079. Rubai nyingi zinazobeba jina lake hazina hakika kuwa ni zake. Mwaka 1859 Edward FitzGerald wa Uingereza alizitoa kwa Kiingereza kwa uhuru mkubwa. Alichagua alizozipenda, akaziunganisha nyingine, kisha akazipanga zifuate mwendo wa siku moja, tangu mapambazuko hadi usiku. Katika Kiajemi kila rubai hujitegemea. Yeye alizifanya ziwe utungo mmoja. Shaaban Robert alifasiri kutoka katika Kiingereza hicho. Kwa hiyo kitabu tunachokisoma kimepita mikono mitatu.

Athari yake inaonekana wazi katika suala la divai. Mwaka 1867 Mfaransa J. B. Nicolas alishikilia kwamba divai ya Khayyam ni fumbo la Kisufi linalomaanisha Mungu. FitzGerald alimpinga katika toleo lake la pili la mwaka 1868: kwake divai ilikuwa divai tu. Msomaji wa Kiswahili hurithi upande mmoja wa mjadala huo bila kujua kwamba mjadala ulikuwapo. Akiandika katika mtihani kwamba “Waajemi waliamini hivi”, huenda anaeleza shaka za Mwingereza wa karne ya 19.

Hata hivyo, tusimfanye Shaaban Robert kuwa mpokeaji tu. Kiswahili kilikuwa na nyumba tayari ya kumpokea mgeni huyu. Majina rubai na tarbia yote yana mzizi wa Kiarabu wenye maana ya nne. Katika rubai, aghalabu mshororo wa tatu huachana na vina vya wenzake na wa nne huvirudia. Katika tarbia yetu, mara nyingi mitatu ya kwanza hupatana na wa nne ndio huachana. Maumbo haya ni ndugu wenye tabia tofauti. Aidha, maneno bandari na diwani yana asili ya Kiajemi, ushahidi wa mahusiano ya kale ya Bahari ya Hindi. Inashangaza basi kwamba neno lilitufikia kwa jahazi, lakini shairi likazungukia Uingereza.

Kwa mtazamo wetu, maingiliano ya Mashariki na Magharibi hayapimwi kwa kuhesabu tafsiri pekee. Yapimwe pia kwa kuuliza nani alichagua, nani alipanga, na nani aliachwa nje. Tunapendekeza walimu waisome tafsiri hii darasani sambamba na Kiingereza cha FitzGerald, na panapopatikana msomaji wa Kiajemi, aalikwe. Hapo swali la mtihani lisiwe “Eleza falsafa ya Khayyam”, bali “Khayyam yupi?”