Sema Kabla Dadu Haijaanguka

Kuna uchawi mmoja ndani ya Dungeons & Dragons ambao umegombanisha watu kwa sababu ya kitenzi kimoja tu. Unaitwa Magic Missile, kombora la uchawi. Uliingia kwenye mchezo mwaka wa 1975, katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk, na maelezo yake ni mafupi kuliko SMS ya kuomba nauli: ni kombora lililo kama mshale wa uchawi, na linamuumiza kiumbe yeyote linayemgonga. Poa. Lakini linamgonga vipi? Linampata tu, ama lazima urushe dadu kwanza ujue kama limempata?

Greyhawk imenyamaza. Mwaka wa 1977, J. Eric Holmes, daktari wa mishipa ya fahamu aliyeziandika sheria upya kwa ajili ya wanaoanza, alisema rusha dadu kama mpiga upinde mwingine yeyote. Mwaka uliofuata, Gary Gygax akasema kwenye Players Handbook kwamba kombora hilo halikosi. Mwaka wa 1981 Tom Moldvay akatoa kitabu kingine cha wanaoanza, naye akasema linampata yeyote anayeonekana, bila dadu. Miaka sita, uchawi uleule, majibu mawili yanayopingana.

Ukiona hii ni hoja ya watu wasio na kazi, fikiria mchawi wa levo ya kwanza. Uhai wake unapimwa kwa dadu ya pande 4, kwa hivyo anaweza kuanza maisha na pointi 1 ya uhai. Silaha yake ni kisu. Havai deraya. Uchawi anao mmoja tu, na akishautumia ameisha kwa siku hiyo. Zimwi likimjia mbio, tofauti kati ya "linapata" na "huenda likapata" ndiyo tofauti kati ya kurudi nyumbani na kuzikwa pangoni.

Nimesoma hivi vitabu vya zamani kwa karibu mwaka mmoja, kwa PDF na simu yenye skrini iliyopasuka, na sijawahi kukutana na maandishi yanayomtegemea msomaji namna hii. Kuna sababu. Vijitabu vitatu vya kwanza, vya 1974, Gygax na Dave Arneson waliwaandikia watu waliokuwa tayari wanacheza vita vya wanasesere huko Marekani. Kwa mapigano walidhani tayari una Chainmail, kitabu cha vita cha 1971. Ile jedwali ya dadu ya pande 20, ambayo leo kila mtu anaijua, iliwekwa pale kama njia mbadala. Ukivisoma sasa unahisi umepewa noti za darasa ambalo hukuhudhuria.

Chukua suala la kukumbuka uchawi. Wazo lilitoka kwa mwandishi Jack Vance, aliyetoa The Dying Earth mwaka wa 1950: mchawi anaujaza uchawi kichwani, akiutamka unamtoka. Vijitabu vya 1974 vinakupa idadi ya uchawi unaoweza kukumbukwa katika safari moja, kisha vinasema uchawi ukishatumika hauwezi kutumika tena siku hiyo. Sasa, mchawi mwenye nafasi mbili anaweza kuubeba Sleep, ule wa kulaza maadui, mara mbili? Msomaji mmoja atasema ndiyo, kila nafasi ni yake na hiyo sentensi inazungumzia nafasi iliyotumika. Mwingine atasema hapana, jina likishatamkwa limefungwa hadi kesho. Wote wawili wanasoma sentensi ileile na hakuna anayedanganya. Lakini mchezo wa huyu wa pili ni mgumu zaidi, na unamlazimisha mchawi ajifunze hata ule uchawi ambao hakuna mtu huuchagua.

Ama chukua pointi za uhai. Gygax alijua swali litakuja: inakuwaje shujaa anachomwa panga mara nane na bado anatembea? Jibu lake, kwenye vitabu vya 1978 na 1979, ni kwamba sehemu kubwa ya pointi hizo si nyama. Ni ujuzi, bahati, na mkono wa miungu. Ukipoteza pointi 6 huenda umekwepa tu kwa shida, ukabaki unahema. Jibu zuri, hadi unapofika kwenye uchawi wa kuhani uitwao Cure Light Wounds, unaotibu majeraha madogo na kurudisha pointi 1 hadi 8. Askari mgeni mwenye pointi 8 anatolewa mlangoni pa kaburi. Shujaa mwenye pointi 60 anapata kama plasta ya kidole. Kama kilichopotea ni bahati, kuhani ametibu nini? Sheria ya vita inasoma neno moja hivi, sheria ya uchawi inalisoma vile, na wewe uliyeketi mezani ndiye unayeachiwa kuzipatanisha.

Hata dakika zina shida hiyo. Katika Advanced Dungeons & Dragons raundi moja ya vita ni dakika nzima, imegawanywa vipande 10 vya sekunde 6. Unaambiwa kurusha dadu mara moja ni muhtasari wa dakika nzima ya kusukumana, kuvizia na kukinga. Lakini mishale inahesabiwa mmoja mmoja. Panga ni muhtasari, mshale ni mshale. Na mchawi anayeanza kutamka uchawi wake akapigwa kabla hajamaliza, uchawi wote umepotea. Ni kipande gani hasa panga linamfikia? Hapo ndipo meza hugeuka mahakama.

Wapenzi wa michezo hii ya zamani wana jibu maarufu. Mwaka wa 2008 Matt Finch aliandika kijitabu cha kuwaelekeza wageni, na ujumbe ulioenea kutoka hapo ni kwamba uamuzi wa refa ni bora kuliko kutafuta sheria kitabuni. Nakubali nusu. Pengo la sheria linamfanya mchezaji aache kuangalia karatasi yake na aanze kuuliza maswali ya kweli: dari iko juu kiasi gani, sakafu ina maji, hilo zimwi linaogopa moto? Hiyo ni raha ambayo kitabu kilichojaza kila pengo hakikupi.

Nusu nyingine inanikwaza, kwa sababu pengo halikai tupu. Linajazwa na mtu, na mara nyingi ni yule mwenye kitabu, ama mwenye sauti kubwa, ama mwenye nyumba. Wanaosifu uhuru wa refa husahau kutaja wakati. Uamuzi uliotolewa kabla dadu haijarushwa ni sheria mpya, na kila mtu anaweza kupanga maisha yake kuizunguka. Uamuzi huohuo ukitolewa baada ya dadu kuonyesha namba, huo ni upendeleo, hata kama refa ana nia safi.

Watu wetu wanajua hili bila kusoma Gygax. Umewahi kucheza kadi na watu wa mtaa mwingine? Ukiwekewa mbili unaokota mbili, ukiwekewa tatu unaokota tatu. Sasa, naweza kuweka mbili yangu juu ya yako anayefuata aokote nne? Inategemea umekulia wapi. Ndiyo maana kabla kadi hazijagawanywa lazima mtu aulize, "Hapa mnacheza aje?" Hakuna anayeudhika kwa swali hilo. Kinacholeta ngumi ni sheria inayozaliwa wakati mtu ashasema "niko kadi."

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na sehemu ya sababu ilikuwa sentensi moja kwenye kijitabu cha wanafunzi kuhusu kuhudhuria masomo. Muhula wa kwanza ilisomwa kwa upole: ukiwa na sababu, leta barua. Wiki ya mitihani ikasomwa kwa ukali, na barua zikawa karatasi tu. Maneno hayakubadilika hata herufi. Kwa hivyo mtu akiniambia kusoma sheria za mazimwi na mazingaombwe ni utoto, namwambia sijaona mahali pengine unapoweza kufanya mazoezi ya jambo hili huku atakayekufa akiwa mtu wa karatasi.

Kwenye kundi letu la watu watano, hapa Nairobi, sasa tuna daftari. Refa akikutana na pengo anasoma sentensi kwa sauti, anasema anavyoielewa, na mchezaji anaruhusiwa kubadilisha nia kabla ya dadu. Uamuzi unaandikwa. Wiki ijayo unamfunga refa mwenyewe, hata pale mazimwi wake wanapochinjwa kama kuku wa Krismasi. Tuna kurasa 11 hadi sasa, na nyingine zinapingana na Gygax waziwazi.

Ndiyo sababu, kati ya wale waandishi wa kombora, nampenda Holmes zaidi. Jibu lake lilishindwa, na mchawi wake maskini anaweza kukosa shabaha na kuliwa. Lakini aliliona pengo mapema na akasema analisomaje, kwa sentensi moja fupi ambayo hata mgeni kwenye mchezo anaielewa. Mchawi wa Holmes anaingia pangoni akijua anaweza kukosa. Anaweza kuamua kukaa nyuma ya askari, ama kugeuka na kukimbia.