Sumu Inayochelewa: Kunguru wa Pwani Walivyopunguzwa na Walivyorudi

Mkazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu ni nani. Ndiye anayenyakua kifaranga mbele ya mama yake, anayedonoa dagaa walioanikwa, anayeokota vipande vya waya akajengee kiota juu ya mwembe, kisha akampigia kelele mwenye nyumba kana kwamba kodi analipa yeye. Wahenga walisema kunguru hafugiki. Huyu hata kufukuzika ni shida.

Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Kufikia 1947 alikwisha kuonekana Mombasa. Taka alikula kweli, ila hakuishia hapo. Alihamia kwenye mayai na makinda ya mnana, shore na chozi, na mitaa mingi ya pwani leo ina kelele zake zaidi kuliko nyimbo za ndege hao.

Manati na mawe hayajawahi kumpunguza. Kunguru mmoja akiuawa hadharani, wenzake hukusanyika, hupiga makelele, na mahali pale hupaogopa. Huko Seattle, watafiti wa University of Washington waliwanasa kunguru wa Marekani huku wamevaa vinyago; miaka kadhaa baadaye ndege wale waliendelea kumzomea yeyote aliyevaa kinyago kile. Hao ni jamaa tu wa huyu wetu, lakini muuza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, hatashangaa kusikia habari hiyo. Kwa hiyo kazi ya wataalamu haikuwa kutafuta kitu kinachoua, maana vinavyoua viko vingi. Ilikuwa kumuua kunguru bila wenzake kujua kilichomuua.

Jibu lilipatikana katika kemikali iitwayo DRC-1339, inayojulikana zaidi kwa jina la biashara la Starlicide. Ilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1960 kupambana na kwezi waliokuwa wakivamia chakula cha ng'ombe. Wengi huisifia ukali. Mimi naona sifa yake kubwa ni kuchelewa. Hushambulia figo. Ndege akishakula huruka zake, hunywa maji, hurudi kulala na kundi, na hufa baada ya siku moja hadi tatu, mara nyingi chini ya miti ya malalo, mbali na pale alipokula nyama. Hakuna kunguru atakayeuhusisha mzoga wa leo na mnofu wa juzi. Pia sumu hiyo huvunjwavunjwa haraka mwilini, hivyo mwewe anayeokota mzoga hakabiliwi na hatari kubwa.

Hata hivyo, sumu peke yake isingefika mbali. Ilitumika Zanzibar katika miaka ya 1990 na Dar es Salaam baada ya 2010, na kazi kubwa ilikuwa kabla ya siku ya kuweka sumu. Kwanza huchaguliwa mahali ambapo kunguru wamezoea kula: dampo, machinjio, uwanja wa nyuma wa hoteli. Hapo humwagwa nyama safi iliyokatwa vipande vidogo, saa ile ile, siku baada ya siku, mpaka kundi lizoee na lianze kusubiri. Wakati huo watu wanahesabu, na wanaangalia ni ndege gani wengine wanaokuja, kwa sababu kuku na njiwa nao hudhurika wakila sumu hiyo. Nyama yenye dawa huwekwa kundi likishakuwa kubwa, na masalia yote huokotwa. Anayeruka hatua hii ya kuzoesha huua wachache na kuwafundisha wengi.

Njia ya pili ni mtego, nao una akili yake. Ni kibanda cha mbao na waya wa kuku, chenye mwanya juu. Kunguru akikunja mbawa hupenya akaangukia ndani, ila kutoka ni lazima azikunjue, na mwanya haumruhusu. Chambo bora si nyama bali kunguru hai aliyeachwa humo na chakula, maji na kivuli, maana wa nje wakimwona anakula raha mustarehe nao huingia. Walionaswa hutolewa giza likishaingia ili walio nje wasione. Uzuri wa mtego ni kwamba kunguru wetu wa asili, yule wa kifua cheupe, akinaswa huachiwa. Ubaya wake ni mwendo wa kinyonga, na wazee wajanja hawaingii.

Njia zote mbili zilipunguza kunguru kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Kisha fedha ziliisha, kazi ikasimama, nao wakaongezeka tena. Sababu haina fumbo. Kundi likipungua, kila aliyebaki hupata chakula zaidi, na makinda mengi zaidi hukua. Lile jaa lililomleta bado lipo. Ndiyo maana tangazo la Kenya la 2024, la kuangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha, lilinipa mashaka. Hesabu ya waliokufa hupendeza kwenye taarifa ya habari, lakini inayofaa ni ya waliobaki kwenye malalo, mwaka baada ya mwaka, pamoja na ratiba ya magari ya taka.

Kwako nyumbani, funika pipa, wekea dagaa wavu, na kiota kishushe mayai yakiwa bado hayajaanguliwa. Ukiona malalo makubwa mtaani, peleka habari kwa ofisi ya wanyamapori. Usinunue sumu ya panya ukaipaka kwenye nyama: utaua paka, mbwa na kuku wa jirani, na kunguru watakuwa juu ya mnazi wakitazama.