Wanawake wa Kukodiwa

Huku kwetu Lweba, mtu akitaja askari wa kukodiwa, wazee hawana haja ya kuelezwa. Katika mwezi wa tisa, mwaka 1965, askari wa namna hiyo, wakiongozwa na Mike Hoare, waliishambulia Baraka kwa njia ya ziwa. Walikuwa wamelipwa na serikali ya Kongo wapigane na waasi wa Simba. Hao ndio mamluki: hawapigani kwa ajili ya nchi yao wala ndugu zao, bali kwa ajili ya mshahara.

Leo twataka kupima hadithi ya mamluki wengine, wa kubuniwa, tena wanawake watupu. Imo katika vitabu vya picha vya Marekani, vile vya mashujaa wenye nguvu kupita watu. Vijana wetu huzitazama hadithi za namna hii katika simu zao. Yafaa wazazi nao wajue mna nini ndani yake.

Kundi hilo laitwa Grapplers, ndiyo kusema wapiga mieleka. Lilianza mwaka 1979 katika toleo la 54 la Marvel Two-in-One. Watunzi ni Mark Gruenwald na Ralph Macchio, na mchoraji ni John Byrne. Wanawake wenyewe ni wanne: Titania, Letha, Poundcakes na Screaming Mimi. Mieleka ndiyo kazi yao, kama wale wanawake wa Kinshasa wanaopigana kachi mbele ya umati. Walitaka kulipwa sawa na wanaume, wasipate. Basi kampuni kubwa iitwayo Roxxon ikawaita, ikawapa silaha na kuwaahidi fedha, ili waende kuharibu mahali pa kuchunguza nishati paitwapo Pegasus. Wakaenda, wakashindwa, wakatiwa gerezani.

Kwanza tuwasifu watunzi. Katika vitabu vingi vya aina hii, mbaya ni mbaya tu, kama nyoka alivyo nyoka. Hapa sivyo. Tunaonyeshwa mlango ambao uovu ulipitia, nao ni ujira usio wa haki. Mkono mtupu haulambwi, wasema wahenga; na mwenye mkono mtupu hujiuza upesi kwa yeyote mwenye mfuko. Sababu hiyo haiwatoi katika kosa, lakini yatusaidia kulielewa.

Sasa tuseme na kasoro. Kurasa nyingi ni za ngumi na mateke. Anayelipa hutazamwa kidogo, naye ndiye chanzo cha vita vyote. Wanawake wale wanne waliingia gerezani. Roxxon imeendelea kuonekana katika hadithi za Marvel miaka mingi baadaye, na ofisi zake na fedha zake. Labda watunzi wamesema kweli kuliko walivyokusudia. Hata katika nchi yetu, anayekamatwa na bunduki mkononi si yule aliyeinunua.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Katika hadithi za mwaka 1986 Titania na Letha waliuawa na mtu aitwaye Scourge, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaua wahalifu. Walifutwa kama hesabu juu ya ubao, ili kitabu kipate mshindo. Mtunzi akitufundisha kwamba maisha ya mkosefu hayana thamani, kalamu yake imekosa, hata picha zikiwa nzuri namna gani.

Lakini Screaming Mimi, yule aliyepigana kwa kelele zake, alibaki. Mwaka 1997 Kurt Busiek na mchoraji Mark Bagley walianzisha hadithi ya Thunderbolts. Ndani yake mwovu mmoja, Baron Zemo, awakusanya wahalifu, awabadilisha majina na mavazi, wajifanye mashujaa ili kudanganya watu. Mimi aitwa sasa Songbird, ndege mwimbaji. Ila ajabu ikatokea. Watu wakawashukuru, nao baadhi yao wakaanza kuipenda ile kazi njema waliyokuwa wakiiigiza. Zemo alipotaka kuitawala dunia, Songbird alikuwa miongoni mwa waliomwasi. Hata hivyo hawakupokewa kwa vigelegele: waliwindwa kama wahalifu, maana nani atamwamini mwongo wa jana?

Hapo ndipo twaona hadithi hii yatuhusu sisi watu wa Fizi. Katika Kivu ya Kusini wako wasichana waliopitia katika vikundi vya silaha. Wengine walichukuliwa kwa nguvu, wengine walifuata chakula au ulinzi. Hao hawakuwa mamluki, na wengi hawakulipwa hata franga moja. Lakini wakirudi, jina baya huwangoja kijijini. Wengi huona heri kurudi kimyakimya, wasitafute msaada, ili wasinyoshewe vidole. Kisimani wenzao hunyamaza wakimwona mmoja wao akija. Huyo ataimba namna gani, ikiwa sisi twakumbuka makelele yake tu?

Hukumu yetu ni hii. Hadithi ya mwaka 1979 ina jicho zuri, lakini haikutazama mbali ya kutosha. Hadithi ya 1997 ndiyo bora, kwa kuwa yathubutu kusema kwamba mtu aliyenunuliwa aweza kujirudishia nafsi yake, na kwamba jambo hilo ni gumu. Wazazi, msiwanyang'anye vijana hadithi hizi. Kaeni nao, mkaulize maswali mawili: Ni nani aliyelipa? Na huyu aliyerudi, atapata mahali pa kuketi? Swali la pili twalijibu sisi wenyewe kila siku, pale kisimani.